Kustaafu mashariki mwa Congo: mji gani utamlinda mzee na pansheni yake?

Zamani, mtumishi wa serikali au mfanyakazi wa kampuni mashariki mwa Congo aliyekaribia kustaafu alikuwa na swali moja tu: abaki katika mji alikofanyia kazi, ao arudi kwao alikozaliwa. Leo swali hilo halitoshi tena. Goma iliangukia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema kundi hilo linaungwa mkono na Rwanda. Tangu hapo, anayechagua mji wa kupumzikia uzeeni anajiuliza kwanza kama pansheni yake itamfikia huko.

Swali hilo linawagusa walimu, wauguzi, maaskari, watumishi wa ofisi na wafanyakazi wa kampuni ambao miaka yao ya kazi imekwisha ao inakaribia kwisha. Kwao, kukosea mji si jambo dogo. Kijana akipoteza kila kitu anaweza kuanza tena. Mwenye miaka 70 hana nafasi hiyo.

Umri umefika, malipo hayajafika

Sheria ya mwaka 2016 kuhusu watumishi wa serikali inasema mtumishi anastaafu akifikisha miaka 65 ya umri, ao miaka 35 ya kazi. Kwa wafanyakazi wa kampuni waliosajiliwa katika CNSS, umri ni miaka 60. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya pansheni, na mwajiri anaongeza asilimia 5.

Kwenye karatasi mambo ni wazi. Chukua mfano wa mwalimu aliyeanza kazi mwaka 1988 akiwa na miaka 25: alipaswa kupumzika mwaka 2023. Lakini wengi wa kizazi chake bado wanashika chaki. Wanaogopa kutoka kabla ya kupata malipo ya mwisho wa kazi, yale ambayo watu wanaita dekonte. Wameona wenzao waliotoka mapema wakizunguka miaka na miaka ofisi kwa ofisi, wakiwa na bahasha ya karatasi kwapani.

Basi kwa mtumishi wa kawaida, kustaafu hakuanzi siku barua inapofika. Kunaanza miaka ishirini mbele, siku anaponunua kiwanja.

Nyumba ndiyo pansheni ya kweli

Hapa ndipo mashariki mwa Congo kuna tofauti na inchi ambako mzee anaishi kwa pansheni yake. Huku, pansheni ya kweli ni nyumba. Mtu ananunua kiwanja, anajenga kwanza kwa mbao, halafu kwa matofali, na akipata nguvu anaongeza aneksi nyuma kwa ajili ya wapangaji. Mshahara na pansheni vinalipwa kwa faranga za Congo, lakini katika miji mikubwa kodi ya nyumba inahesabiwa kwa dola, na mpangaji anatoa garanti ya miezi kadhaa kabla ya kuingia. Nyumba mbili ndogo za kupangisha zinaweza kumpa mzee uhakika kuliko cheki ya Kinshasa.

Hesabu hiyo ilikuwa nzuri. Ilikuwa na kasoro moja: inaweka kila kitu mahali pamoja. Mzee anaishi katika mji huohuo ambamo kuna nyumba yake, wapangaji wake, benki yake na daktari wake. Mji ukipigwa, vyote vinapigwa siku moja.

Goma imeonyesha hilo mara tatu katika miaka isiyofika 25. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji na kuunguza nyumba za maelfu ya familia. Tarehe 22 Mei 2021, volkano ililipuka tena, lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege, na siku tano baadaye wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waliombwa kuhama. Januari 2025 ikaja vita. Safari hii nyumba nyingi zilibaki zimesimama, lakini wafanyakazi wengi wa mashirika ya kimataifa waliondoka, biashara zikalegea, na mpangaji aliyebaki hakuwa na makuta ya kulipa. Mzee aliyetegemea kodi ya aneksi alijikuta bila kodi na bila benki kwa wakati mmoja.

Benki zikifungwa, mzee anatembea

Benki za Goma na Bukavu zilifunga milango vita ilipoingia. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa pia. Mwezi Aprili 2025, AFC/M23 ilifungua upya CADECO mjini Goma, lakini Kinshasa haikuitambua hatua hiyo.

Waliokuwa na akaunti walibaki na pesa kwenye karatasi tu. Kilichosaidia ni simu. Mtu anatumiwa pesa kwa simu, halafu anakwenda kwa wakala kuzitoa. Lakini noti zilipungua, na kuzitoa kukagharimu zaidi ya kawaida. Wengine walivuka mpaka kutafuta benki upande wa Rwanda. Kwa kijana mwenye miguu, hiyo ni shida ya asubuhi moja. Kwa mzee mwenye presha ao sukari, ni safari ya kuhesabu kila hatua.

Kuna tena jambo la kujionyesha. Mwenye pansheni anatakiwa kuhakikishwa mara kwa mara kuwa yu hai, ili malipo yasisimame. Anayeishi mbali na ofisi, ao nyuma ya mstari wa mapigano, anaweza kuhesabiwa kama asiyekuwepo hata kama anapumua vizuri.

Miji mingine inatoa nini?

Wengi wanatazama Butembo. Ni mji wa baridi, wa biashara, wenye chuo kikuu na hospitali, na watu wake wamezoea kujijengea bila kungoja serikali. Karibu nao ni Beni, ambako serikali ya jimbo la Kivu ya Kaskazini ilihamia baada ya Goma kuanguka. Hilo lina maana kwa mstaafu, kwa sababu ofisi anazohitaji zimesogea huko. Lakini mzee wa Butembo hakupanga kuishi mjini tu. Alipanga pia kulima. Na mashamba ndiyo yenye hatari. Mwezi Septemba 2025, ADF iliua makumi ya watu waliokuwa kwenye kilio huko Ntoyo, teritware ya Lubero. Upande wa kusini wa teritware hiyohiyo kuna M23. Mji unaweza kuwa mtulivu wakati shamba la mzee halifikiki.

Bunia ina soko na barabara za kwenda Uganda, lakini Ituri nayo imejaa makundi yenye silaha na wakimbizi wa ndani.

Uvira ilionekana kuwa jibu kwa watu wa Kivu ya Kusini. Taasisi za jimbo zilihamia huko Bukavu ilipoanguka. Desemba 2025, M23 ikaingia Uvira pia, kabla ya kutangaza kwamba inaondoka. Kwa mstaafu aliyekuwa amekwisha kuhamisha vitu vyake kutoka Bukavu, hiyo ilikuwa mara ya pili kukimbia mwaka mmoja. Hata bila vita, Uvira inajua mafuriko: Aprili 2020, mto Mulongwe ulibeba nyumba na watu.

Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika tangu 2015, ilipokea watu waliokuja kwa mashua wakikimbia vita vya Kivu. Iko mbali kidogo na mapigano, wakaaji wanasema Kiswahili, samaki wapo. Ila ziwa limepanda: mwaka 2024 maji yaliingia katika mitaa ya pembeni na kufukuza familia nyingi. Anayenunua kiwanja Kalemie anapaswa kuuliza kwanza maji yalifika wapi mwaka ule, halafu ndipo aulize bei.

Kisangani ina mto, chuo kikuu, hospitali za chuo na viwanja vikubwa. Katika miaka ya karibuni, familia nyingi za Kivu na Ituri zimesogea upande wa Tshopo kutafuta ardhi na utulivu. Lakini joto na malaria si mchezo kwa mtu aliyezeeka Bukavu ama Butembo. Na ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeonyesha kuwa hata huko, mgeni anapaswa kujua ni nani aliyemuuzia na kwa haki gani.

Lubumbashi ina benki, madaktari na Kiswahili. Shida yake ni bei. Migodi imepandisha gharama ya maisha, na pansheni ya mwalimu haishindani na mshahara wa mgodi.

Kurudi kwao

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na wazee wengi bado wanataka kuzikwa walikozaliwa. Lakini kijiji cha leo si kile walichoacha. Shamba la baba mara nyingine limekwisha kugawanywa ao kuuzwa na ndugu waliobaki. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya taifa, wakati kijijini bado anayetoa ardhi ni chifu. Asiyekuwa na karatasi wala ndugu wa kumshuhudia anaweza kukuta mlango umefungwa.

Swali lingine halizungumzwi sana nyumbani: mke atabaki wapi mume akitangulia? Kanuni ya familia inampa mjane haki ya kuendelea kuishi katika nyumba waliyoishi pamoja. Katika mazoea, ndugu wa marehemu wengi wanamtoa kabla kilio hakijaisha. Mume anayerudi kijijini kwao anarudi kwa watu wake. Mke wake, mara nyingi, anakwenda kwa wageni. Kwa hiyo mji mzuri wa kupumzikia ni ule ambamo mjane anaweza kubaki: nyumba iwe na cheti chenye majina ya wote wawili, ndoa iwe imeandikishwa, na watoto wajue karatasi ziko wapi.

Kutenganisha vitu

Hakuna mji mmoja mashariki mwa Congo unaoweza leo kumhakikishia mstaafu kila kitu. Usalama wa Butembo mwaka huu si ahadi ya mwaka kesho, na waliosema hivyo kuhusu Uvira walijifunza kwa uchungu. Njia inayobaki ni kutenganisha vitu. Mzee anaweza kuishi alipozoea, karibu na daktari na kanisa ao msikiti wake, lakini akiba yake isiwe yote katika mji huo. Kiwanja kidogo mahali pengine, hata kisichojengwa, ni mlango wa kutokea. Nakala za vyeti zikiwa kwa mtoto anayeishi mji mwingine haziungui pamoja na nyumba. Namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mzee mwenyewe, si la mjukuu, inaweza kuwa benki yake siku benki ikifungwa.

Sehemu kubwa ya kazi hii, lakini, si ya mzee. Serikali inaomba watumishi wakubali kupumzika ili vijana wapate nafasi. Ombi hilo lina haki, ila halitasikika mpaka pansheni iweze kumfuata mtu badala ya mtu kuifuata. Mwenye pansheni wa Bukavu aliyekimbilia Kalemie anapaswa kujionyesha na kulipwa Kalemie, bila kuanza faili upya. Aliyebaki Goma hakuchagua nani atawale mji. Alifanya kazi miaka 35, na deni hilo halifutwi na mstari wa mapigano.

Mpaka hapo, wengi wataendelea kufanya kama wanavyofanya sasa: kubaki kazini hata nguvu zikiisha, kwa sababu darasani mshahara walau una siku yake.