Hedhi Hukoma, Moyo Haukomi

Mabadiliko yampatayo mwanamke, aghalabu kati ya umri wa miaka 45 na 55, tumeyaita kukoma hedhi. Mimi niliye mwalimu wa lugha nakiri kwamba kitenzi hicho kimetupotosha. Kikomacho ni hedhi. Lakini jamii imemkomesha hata mwenyewe.

Katika vijiji vilivyo baina ya Kitale na Bungoma, mama akifikia umri huo na kupata wakaza mwana, jembe huondolewa mikononi mwake kwa heshima. Huwekewa kiti kivulini, akaambiwa apumzike. Mjini, mwenzake aliye karani au mwenye duka hushinda ameketi, na safari ya nusu kilomita huenda kwa bodaboda. Nia ni njema, lakini moyo hauna faida na heshima ya namna hiyo.

Ifahamike kwamba homoni ya estrojeni, ambayo hupungua sana wakati huo, si ya uzazi tu. Huisaidia mishipa ya damu kutanuka ipasavyo. Inapopungua, mishipa huelekea kukakamaa, mafuta mabaya huongezeka katika damu, na mengine hujikusanya tumboni. Si ajabu basi kwamba maradhi ya moyo na mishipa, ambayo wengi huyadhani kuwa ya wanaume, ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwaua wanawake.

Hata hivyo, dawa moja haiuzwi dukani. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen nchini Denmark walieleza kwamba mishipa ya wanawake waliokoma hedhi karibuni haikutanuka vyema kama ya wenzao ambao hawajakoma, ijapokuwa umri wao ulikaribiana. Baada ya mazoezi ya miezi 3, upungufu huo ulirekebika.

Huenda msomaji akauliza: mwanamke alimaye na kuteka maji ana haja gani ya mazoezi? Swali hilo ni la haki. Kazi inayomfanya mtu aheme na kutoka jasho ni mazoezi, na simwambii alimaye ajitwike mzigo juu ya mzigo. Lakini mahindi yana misimu. Baina ya palizi na mavuno kuna wiki nyingi za utulivu. Na mama aliyekwisha kupokonywa jembe hana msimu wowote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli kwa siku 2 au zaidi. Dakika hizo 150 ni sawa na nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku 5 kwa wiki.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu. Mwaka 2023, Serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye vifaa, kikiwemo kipimo cha presha. Mhudumu akibisha hodi, mama na apimwe. Mwenye presha amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi mazito, wala asiache dawa zake. Na mwenye maumivu ya kifua asingoje kesho.

Vyama vya akina mama navyo vyaweza kutembea pamoja kabla ya kuhesabu michango. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma hazina budi kujenga njia za waendao kwa miguu, maana hakuna atembeaye kwa raha huku akikwepa matatu. Nasi wana, tusimketishe mama kwa jina la heshima. Tumshike mkono, tutembee naye.