Tusihesabu Vimondo kwa Macho ya Wengine

Kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti, dunia hukatiza njia ya vumbi lililoachwa na kometi iitwayo Swift-Tuttle, ambayo ilipita karibu na jua mara ya mwisho mwaka 1992. Chembe hizo, nyingi zikiwa ndogo kama mchanga, huingia angani kwa kasi ya kilomita 59 kwa sekunde, zikang'aa, nasi tukaziita vimondo. Vitabu huahidi vimondo 100 hivi kwa saa.

Mwanafunzi wa Kibiti akikesha na kuhesabu 25, ataandika ngapi daftarini? Nachelea kwamba wengi watafuta 25 na kuandika 100, ili wafanane na kitabu. Huko si kukosea hesabu tu, bali ni kuyakana macho yao wenyewe.

Idadi ya 100 ni ya mtu ambaye kitovu cha vimondo kiko utosini pake, katika giza tupu. Kitovu hiki kiko nyuzi 58 kaskazini ya ikweta ya mbingu. Delta ya Rufiji iko nyuzi 8 kusini. Jumla ni 66. Toa katika 90, hubaki 24. Kwetu, basi, hakipandi zaidi ya nyuzi 24. Saini ya pembe hiyo ni 0.41, kwa hiyo 100 huwa 41, tena karibu na mapambazuko.

Kwa upande mwingine, karibu na tarehe 30 Julai, vimondo vya buruji ya Dalu, yaani Ndoo, hutokea nyuzi 16 kusini. Hivi ni hafifu, wala havizidi 25 hivi kwa saa; lakini kitovu chake hufika nyuzi 82 juu ya mikoko yetu, wakati wa kipupwe. London hakifiki hata nyuzi 23.

Nawasihi walimu wateue usiku usio na mwezi, wanafunzi walale chali mikekani kuanzia saa saba hadi saa kumi usiku. Kila mmoja ahesabu peke yake, aandike saa, mawingu na idadi. Darubini haihitajiki. Aliyeona 9 aandike 9, kisha aeleze kwa nini si 25. Hapo ndipo sayansi inapoanza.