Ng'ambo ya Mto Nayo ni Ng'ambo

Imekuwa desturi miongoni mwetu, walimu wa Kiswahili, kushangilia kila mashabiki wa kandanda wanaposafiri pamoja kuifuata timu yao ng'ambo, na kutangaza kwamba safari hiyo "imekipeleka Kiswahili nje". Madai hayo tunayakataa.

Tarehe 3 Juni 2023 Yanga ilirudiana na USM Alger mjini Algiers katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Ndege iliyotolewa na serikali iliwabeba wachezaji pamoja na mashabiki. Yanga ilishinda 1-0, ikalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini, maana ilikwisha kufungwa 2-1 nyumbani. Mashabiki hatuwalaumu hata kidogo. Walikwenda kushangilia, hawakwenda kufundisha ngeli. Tunawalaumu wenzetu waliowavika ubalozi wa lugha bila kuwauliza. Shangwe za dakika 90 hazimwachii Mwalgeria hata salamu.

Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, na maji yaliyo karibu nasi ni Mto Ruvuma. Kusini yake, kuanzia Kionga na Palma hadi Mocímboa da Praia, wako watu wanaosema Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili, na wengi wao Kiswahili chenyewe wanakielewa. Kionga ilikuwa chini ya Wajerumani hadi Wareno walipoitwaa mwaka 1916. Mpaka huo ni mchanga mbele ya lugha. Tena kutoka Palma, Dar es Salaam ni karibu mno kuliko Maputo. Shabiki wa Palma akiketi jukwaani Dar es Salaam ataelewa kila kijembe, jambo ambalo, tuseme kweli, baadhi ya wanafunzi wetu wenye vyeti hawaliwezi. Lakini Simba ilipokwenda Beira Agosti 2019 kucheza na UD Songo, sisi tuliiona Msumbiji nzima kuwa ugenini kwa Wareno.

Tangu Oktoba 2017 vita vimewang'oa mamia ya maelfu ya watu makwao katika Cabo Delgado. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Mwaka huohuo Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilieleza kwamba maelfu waliovuka kutafuta hifadhi Tanzania walirudishwa kwa nguvu. Mwenye jezi na tiketi husindikizwa mpakani kwa nyimbo. Jirani aliyeomba hifadhi kwa maneno tunayoyaelewa alirudishwa, na sisi tunaojiita walinzi wa lugha tukanyamaza. Ni lugha gani hiyo tunayoilinda?

Tunadai, basi, kurasa hizi zipokee maandishi kutoka pwani ile, hata yawe ya Kimwani yenye maelezo ya Kiswahili pembeni, kabla hazijapokea picha nyingine ya mashabiki wakipunga bendera kwenye ngazi za ndege.