Boti ndogo zenye vilipuzi: hofu isimwangukie mvuvi

Jioni moja barazani, mzee mmoja aliyevua samaki zaidi ya miaka 40 aliniuliza: "Mwanangu, hizi boti zisizo na nahodha zinazozamisha meli huko Bahari ya Shamu, zimetoka wapi?" Nikamwambia mitambo ni mipya, lakini wazo lenyewe ni la zamani.

Alfajiri ya Machi 26, 1941, boti sita za Waitaliano ziliingia ghuba ya Suda, kisiwani Krete. Kila moja ilikuwa na dereva mmoja na takriban kilo 300 za vilipuzi omoni. Kazi ya dereva ilikuwa kuielekeza boti kwenye meli, kufunga usukani, kisha kujitupa majini. Manowari ya Uingereza, HMS York, ilitobolewa na haikusafiri tena. Madereva wote sita walikamatwa wakiwa hai.

Waingereza waliopigwa waliamua kuiga. Wakaunda boti kama hiyo, lakini swali likawa ni nani ataifikisha karibu na adui. Waitaliano walibebewa zao na manowari. Waingereza wakajaribu njia ya angani: kuining'iniza boti chini ya ndege ya kivita aina ya Lancaster na kuiangusha baharini kwa parachuti.

Kuangusha boti kwenyewe kuliwezekana. Mei 1943 ndege ya Uingereza iliwaangushia boti ya kuokolea marubani waliokuwa wameanguka baharini, nao wakapona. Lakini boti ya kuokoa hungojewa na watu wanaoitaka. Ya kushambulia inapaswa ifike kimya, na ndege ya injini nne haina kimya. Isitoshe, dereva atarudi vipi nyumbani?

Boti hizo hazikuzamisha meli yoyote vitani. Kikosi hichohicho kilichohusika nazo kilifaulu zaidi kwa mitumbwi ya kupigwa makasia: Desemba 1942 kilitega mabomu kwenye meli bandarini Bordeaux, Ufaransa, ingawa kati ya wanaume kumi waliotoka, wawili tu ndio waliorejea. Nazo ndege za Lancaster, Novemba 1944, ziliizamisha manowari kubwa ya Wajerumani, Tirpitz, kwa mabomu ya zaidi ya tani tano. Ukiweza kuangusha bomu kama hilo, boti ya nini?

Kwa maoni yangu, kilichokwamisha mpango ule ni binadamu aliyekuwa ndani ya boti. Leo ameondolewa. Boti ya Ukraine iitwayo Magura V5 ina urefu wa mita tano na nusu hivi na hubeba vilipuzi vya uzito unaokaribiana na ule wa Suda. Tofauti ni kwamba huongozwa kutoka mbali na husafiri mamia ya kilomita yenyewe, bila ndege wala manowari ya kuibeba. Mapema mwaka 2024 boti hizo ziliizamisha manowari ya Urusi, Ivanovets. Juni mwaka huohuo, boti ya Wahouthi isiyo na mtu iliipiga meli ya mizigo Tutor, ikazama siku chache baadaye.

Hapo ndipo jambo hili linapotufikia. Meli nyingi zilipoikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zilirefuka na gharama zikapanda. Bandari ya Mombasa haiwezi kujitenga na hayo.

Lakini hofu yangu kubwa ni nyingine. Boti ya mita tano au sita ndiyo saizi ya boti zetu za uvuvi. Kila hofu ya baharini inapokuja, mvuvi ndiye hushukiwa wa kwanza. Lamu inakumbuka miaka ambayo kuvua usiku kulipigwa marufuku kwa sababu za usalama, na familia zikalala njaa.

Serikali ilinde bahari, hakuna anayepinga. Ila ianze kwa kushirikiana na vikundi vya wavuvi ufuoni, ambao wanaijua kila boti na mwenyewe. Mvuvi anayeaminiwa ataripoti boti ngeni kabla rada haijaiona. Anayefukuzwa baharini hataona kitu, wala hatasema kitu.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akamalizia kahawa yake. "Basi waambie," akasema, "sisi tuko na macho."