Tuonyesheni Ufa Ulipoanzia

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 iliyokuwa ikitoka Denver kwenda Chicago ilipasukiwa na diski ya feni ya injini ya mkiani. Vipande vyake vilikata mifumo yote mitatu ya haidroliki, ndege ikaanguka Sioux City, na watu zaidi ya 100 wakafa. Diski ile ilikuwa ya aloi ya titani yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, ambayo wengi wetu tunaishika kila siku maabara. Wachunguzi walipoufuata ufa hadi chimbuko lake, walifika kwenye doa dogo gumu lililosheheni nitrojeni, lililozaliwa wakati metali ilipoyeyushwa. Ufa ulirefuka kidogo kidogo, safari baada ya safari, kwa miaka 17.

Nimelitaja tukio hilo kwa sababu toleo hili linahusu kompositi za titani zilizosubiwa, na katika kompositi sisi wenyewe tunatia vitu vigumu, vyepesi kuvunjika, ndani ya metali inayonyumbuka. Tunatia kwa mamilioni. Basi tuna wajibu wa kujua kila kimoja kinafanya nini mzigo unapopanda.

Chukua boroni. Titani iliyoganda huipokea kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo metali inapoganda boroni husukumwa mbele ya punje zinazokua, ikarundikana hapo na kuzizuia zisitanuke, kisha ikaungana na titani kuwa sindano za boridi. Asilimia 0.1 tu kwa uzito hupunguza ukubwa wa punje kama mara kumi. Kwa msubu hii ni neema kubwa, maana kifaa chake hutoka kwenye kalibu kikiwa na umbo la mwisho. Hakifuliwi wala hakipitishwi kwenye rola ili punje zivunjwevunjwe. Juu ya hayo, sindano zenyewe zina ukakamavu unaozidi wa titani zaidi ya mara tatu.

Ukizidisha boroni, mambo hugeuka. Ikipita asilimia 1.5 hivi, sindano nene hutangulia kuzaliwa ndani ya kimiminika, zikikua bila kizuizi. Vuta sampuli ya namna hiyo: sindano nene zilizolala sambamba na mvuto hukatika kwanza, na kila iliyokatika ni ufa uliokwisha tengenezwa, unaongoja jirani yake. Kipimo cha ukakamavu kinaweza kupanda vizuri kabisa huku sampuli ikikatika karibu bila kurefuka.

Wala tusidhani kwamba umbile laini hushinda kila mara. Matabaka mapana ya alfa, yale yanayotokana na kupoa polepole, huulazimisha ufa kupinda na kuhangaika njiani, hivyo aloi huhimili vizuri ufa uliokwisha kuwepo. Matabaka hayo hayo huruhusu ufa wa uchovu kuanza mapema. Mbuni wa kifaa anahitaji kujua lipi kati ya hayo mawili analinunua.

Ndiyo maana nasikitika ninapoletewa makala yenye mchoro wa nguvu ya mvuto na picha moja ya uso uliosuguliwa. Uso wa mvunjiko ndio wenye habari. Chini ya hadubini ya elektroni, sindano iliyokatika bapa chini ya kishimo inaeleza kwamba mzigo uliifikia. Tundu safi la sindano iliyochomoka linaeleza kwamba haikushikana vema na titani. Mahali penye vinundu laini vya mviringo pana kinyweleo kilichoachwa metali iliposinyaa, na hapo boroni haina lawama yoyote.

Kuanzia toleo hili, kila makala yenye kipimo cha nguvu iambatanishe picha za mivunjiko, pamoja na maelezo ya kasi ya kupoa na unene wa kifaa ilikokatwa sampuli. Sampuli zilizokatika mapema nazo ziletwe, zikiwa na picha zake, hata kama zinashusha wastani.