ESANSI YA BEI RAHISI: TUPIGE HESABU KWANZA



Hapa Bukavu, kila mara esansi inapopanda, ulizo ni lile lile: «Kadhafi gani anauzisha bei ya chini?» Wazazi wanatutuma na bidoni, tunazunguka kutoka Kadutu mpaka Nyawera. Kutafuta hivi si kosa. Taksi ikipandisha bei, unga na makala vinafuata, na minerval inakosekana. Lakini mimi naona ile bei rahisi mara nyingi haiko rahisi.

Tujue kwanza esansi inatoka wapi. Inchi yetu inachimba mafuta kule Muanda, kwenye bahari, lakini yanauzwa inje yakingali mabichi. Esansi yenye kufika Kivu inatoka ngambo, inashushwa Mombasa ao Dar es Salaam, halafu inapandishwa na kamio. Toka Mombasa mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 1.500. Kila mupaka na kila tope ya njia inaongeza kitu juu ya bei.

Basi kadhafi akiuzisha chini ya pompi, tuulize: faida yake anaitoa wapi? Pengine ameleta mafuta toka upande ambako bei ni ndogo. Hilo linawezekana, lakini upande huo unageuka: katika mwaka 2024, Burundi ilipokosa esansi, Warundi ndio walivuka kuja kununua Uvira. Pengine faida iko ndani ya chupa.

Tupige hesabu. Tuseme pompi inauzisha litri franka 3.000, na kadhafi 2.800. Unafurahi. Lakini kama chupa yake inaingiza desilita 9 tu, litri nzima imekufikia franka 3.111. Umetembea kwa jua kwa kulipa zaidi! Na kama ndani yake wamechanganya petroli ya taa, utalipa tena kwa fundi wa moto.

Iko bei ingine yenye kupita franka. Tarehe 2 Julai 2010, kamio ya esansi ilianguka Sange, kati ya Uvira na Bukavu. Watu walikimbia na mabidoni na masufuria kuchota ya bure. Wengine hawakuchota kitu, walikuwa wakiangalia mupira wa Kombe la Dunia. Moto ulishika. Walikufa watu zaidi ya 230, na watoto ndani yao. Mvuke wa esansi ni muzito kuliko hewa: unatambaa chini, na unaweza kufikia mushumaa wenye kuwa mbali na bidoni.

Wengine watasema: «Kadhafi ni ndugu yetu, naye anatafuta chakula cha watoto.» Ni kweli. Pompi zikifungwa, yeye ndiye anatuokoa. Sipendi afukuzwe. Napenda atuuzie litri yenye kuwa litri.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Chupa ya kununulia, tuipime kwanza na maji katika labo. Waalimu wa kemia hawatakataa. Bidoni isilale katika nyumba yenye mushumaa wala mbabula. Na safari ya kwenda kwa miguu, twende kwa miguu: esansi yenye haikununuliwa, hiyo njo rahisi kupita zote.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano