Hakuna Jibu Pasipo Swali

Kwa Kiswahili, matokeo ya vipimo vya hospitali huitwa majibu. Jina hilo lina funzo: hakuna jibu pasipo swali.

Mkazi wa Nakivale ambaye makohozi yake yamepelekwa Mbarara kupimwa kifua kikuu hateswi na kikohozi pekee. Humtesa pia kutojua ataambiwa lini. Kila siku inayopita huiona kama hukumu. Kumbe vipimo hutofautiana: kipimo cha mashine huweza kutoa majibu kwa saa chache, ilhali kuotesha vimelea maabara huweza kuchukua hata wiki nane, kwa kuwa hukua polepole mno. Kuchelewa si dalili ya majibu mabaya.

Basi kabla ya kuondoka kituoni tuulize: ninapimwa kwa njia gani? Majibu yatatoka lini? Nitayafuata kwa nani? Wapo wanaodhani kumuuliza daktari ni kumkosea adabu. La hasha! Mkataba wa Wagonjwa wa Uganda unatambua haki ya mgonjwa kupewa taarifa za afya yake.

Kuuliza hakuondoi wasiwasi wote, lakini huuwekea mpaka. Aijuaye siku ya majibu huweza kulima, kusoma na kulala hadi ifike.